Shajara ya Barbellion: je, kulalamika ni kushindwa?

Kuna kitabu cha zaidi ya miaka 100 ambacho ningependa kila mwanafunzi anayetafiti afya ya akili ya wagonjwa akisome kabla hajachapa dodoso lake la kwanza. Kinaitwa The Journal of a Disappointed Man, yaani shajara ya mtu aliyevunjika moyo. Kilitoka London mwezi Machi 1919, utangulizi ukiwa umeandikwa na H. G. Wells, na mwandishi akijiita W. N. P. Barbellion. Jina hilo ni la kubuni. Mwenyewe aliitwa Bruce Frederick Cummings, mzaliwa wa Barnstaple huko Devon mwaka 1889, mtaalamu wa wadudu katika Makumbusho ya Historia ya Asili ya London. Ugonjwa uliokuwa ukimmaliza ndio huu ambao leo unaitwa multipo sklerosisi, kwa kifupi MS.

Nikuambie mapema ili usije ukanilaumu: si kitabu cha kutia moyo. Ukitafuta mgonjwa shujaa anayetabasamu hadi mwisho, hapa hutampata. Barbellion analalamika, anajisikitikia, anajisifu, anakasirika, halafu ukurasa unaofuata anakuchekesha. Wakosoaji wengine wa wakati ule walimwona mbinafsi aliyejaa nafsi yake. Mimi nadhani kulalamika kwake kuna jambo linalotufundisha, nalo ni hili: tunapowauliza wagonjwa "unakabilianaje?", mara nyingi tunapima jinsi mtu anavyowapendeza watu waliomzunguka, si jinsi anavyoishi na ugonjwa wake.

Ugonjwa wenyewe kwa ufupi

Kwa MS, kinga ya mwili inageuka na kushambulia mailini, yaani ganda la mafuta linalofunika nyuzi za mishipa ya fahamu katika ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya macho. Ganda likichubuka, ujumbe kutoka ubongoni unapita polepole, unapotea njiani au unafika umevurugika. Hapo ndipo zinapokuja ganzi, macho kufifia, miguu kukosa nguvu, mkojo kusumbua, na uchovu ambao usingizi hauuondoi. Makovu yanayobaki ndiyo yaliyoupa ugonjwa jina lake. Duniani wanakadiriwa kuwa watu milioni 2.8, na huonekana zaidi katika nchi zilizo mbali na ikweta. Wengi hugundulika wakiwa na miaka 20 hadi 40, yaani umri ule ambao mtu anamaliza shule, anaanza kazi na anafikiria ndoa.

Shida kubwa ya kihisia ni kwamba ugonjwa hautabiriki. Kwa wengi unakuja kwa mawimbi: leo mguu umekufa ganzi, baada ya wiki kadhaa umepona, mwakani jicho. Mtu hajui ajiandae kwa lipi.

Nyumba moja, siri moja, wafichaji wawili

Shajara inaanza mwaka 1903, Barbellion akiwa kijana wa miaka 13 anayehangaika na ndege na wadudu wa mashambani. Hakwenda chuo kikuu. Alijisomea zuolojia mwenyewe huku akifanya kazi ya uandishi wa habari kama baba yake, kisha akashinda mtihani wa kuingia kwenye makumbusho na kuanza kazi London mwaka 1912. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia aliandika hata kijitabu cha kitaalamu kuhusu chawa na maradhi wanayosambaza. Huyu alikuwa mtu wa sayansi kwelikweli, na tamaa yake ya kupata jina ilikuwa kubwa kuliko afya yake.

Kabla ya mwaka 1915 dalili zimeshatapakaa kwenye kurasa zake. Anazunguka kwa madaktari, anakisia hili na lile. Mwezi Septemba mwaka huo anaoa. Novemba anakwenda kupimwa kwa ajili ya jeshi, mkononi ana barua ya daktari wake iliyofungwa, ya kumpa daktari wa jeshi. Wanamkataa bila hata kuisoma. Akiwa kwenye treni anarudi, anaifungua. Hivyo ndivyo alivyoujua ugonjwa wake: kwa kusoma barua ambayo haikuandikwa kwake.

Daktari alikuwa anajua. Na mkewe alikuwa anajua. Aliambiwa kabla ya harusi, akaamua kuolewa naye hivyohivyo. Kwa muda wa karibu mwaka mzima baada ya ile barua, Barbellion naye anajitahidi kumficha mkewe jambo ambalo mkewe alilijua kabla yake. Fikiria hao watu wawili mezani jioni, kila mmoja amebeba mzigo uleule, kila mmoja anajifanya mikono yake ni mitupu ili asimtishe mwenzake. Ukweli unapojulikana mwishoni mwa 1916, shajara inabadilika. Hofu haijaondoka, lakini upweke umepungua, na kwenye kurasa hizo anamwandika mkewe kwa upole ambao huko nyuma ulikuwa adimu.

Sisi tuna methali: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwa kawaida tunamwelekezea mgonjwa. Lakini hapa mfichaji wa kwanza si mgonjwa. Ni daktari na familia, tena kwa nia njema. Na usiseme hayo ni mambo ya Waingereza wa zamani. Wewe mwenyewe unajua jinsi ndugu wanavyovutana pembeni ya wodi, "mzee asiambiwe, atakufa kwa presha." Tunaita kulinda. Shajara hii inaonyesha bei ya ulinzi wa namna hiyo: mgonjwa habaki na amani, anabaki na hofu isiyo na jina, tena hana wa kuzungumza naye.

Kwangu mimi, hiki ndicho kitu bora kabisa kitabuni. Barbellion hakukaa akaandika hoja kuhusu haki ya mgonjwa kuambiwa ukweli. Aliandika siku zilivyokwenda, moja baada ya nyingine, na wewe msomaji ndiye unayeona ukimya unavyofanya kazi ndani ya nyumba.

Dodoso lingesemaje?

Sasa tumpeleke Barbellion kwenye utafiti wa leo. Mwaka 1984 wanasaikolojia Richard Lazarus na Susan Folkman walitoa kitabu kilichotengeneza msamiati tunaoutumia mpaka sasa. Walitofautisha njia mbili za kukabiliana na dhiki. Ya kwanza ni kushughulikia tatizo lenyewe: kutafuta habari, kupanga, kuchukua hatua. Ya pili ni kushughulikia hisia zinazoletwa na tatizo: kulia, kuongea na mtu, kulitazama jambo kwa jicho jingine, au hata kulikwepa.

Tafiti nyingi za MS zilizofuata zikakuta kwamba wanaotegemea zaidi njia ya pili, hasa kukwepa, huwa na sonona zaidi. Kutoka hapo ikawa rahisi kuteleza: njia ya kwanza nzuri, njia ya pili mbaya. Mgonjwa mzuri anatatua, mgonjwa dhaifu analia. Lakini Lazarus na Folkman wenyewe hawakusema hivyo. Walisema inategemea hali. Kama jambo linaweza kubadilishwa, lishughulikie. Kama haliwezi kubadilishwa, kilichobaki mkononi mwako ni namna unavyoishi nalo. Na Barbellion, katika mwaka 1915 usio na dawa yoyote ya kuuzuia ugonjwa wake, angetatua nini?

Kuna kasoro nyingine ya kitaalamu. Mwaka 1994 Annette Stanton na wenzake walionyesha kwamba vipengele vingi vya madodoso vinavyodai kupima "kukabiliana kihisia" vimechanganyika na dhiki yenyewe. Yaani unamuuliza mtu kama amefadhaika na kujilaumu, halafu unapima kama ana sonona, halafu unashangaa kwamba vinaendana. Si umepima kitu kimoja mara mbili! Walipotenganisha kuzitambua hisia na kuzieleza, mbali na kufadhaika, picha ikabadilika. Katika utafiti wao wa mwaka 2000 kwa wanawake waliotibiwa saratani ya matiti, wale walioeleza hisia zao walikuwa na dhiki pungufu na nguvu zaidi miezi mitatu baadaye. MS si saratani, sawa, lakini funzo la kipimo ni lilelile.

Ukisoma shajara ukiwa na hilo kichwani, utaona tatizo. Katika ukurasa mmoja Barbellion anakata tamaa, anapanga kuuhariri mswada wake ili uchapwe, anamkumbuka ndege aliyemwona utotoni, na anajicheka. Umweke kwenye kisanduku kipi? Na ule uhariri wa shajara, je, ni kushughulikia tatizo au hisia? Hauponyi mguu. Ila ndiyo kazi iliyombakisha mtu wa sayansi baada ya 1917, alipolazimika kuiacha kazi yake kwenye makumbusho. Anajichunguza kama alivyochunguza chawa chini ya hadubini, na kwa macho yangu, uchunguzi huo ndio uliomshikilia.

London ileile, macho mengine

Ukitaka kuona kwa nini sauti ya mgonjwa ni data, linganisha kitabu hiki na makala moja ya kitabibu. Mwaka 1926, miaka saba tu baada ya shajara kutoka, na London hiyohiyo, madaktari Cottrell na Kinnier Wilson walichapisha matokeo ya uchunguzi wa hisia za wagonjwa 100 wa MS. Waliripoti kwamba zaidi ya 60 walikuwa na furaha isiyolingana na hali yao, na wenye huzuni walikuwa wachache tu. Kwa miongo kadhaa baadaye picha ya "mgonjwa mchangamfu" ilikaa vitabuni.

Tafiti za baadaye ziliigeuza picha hiyo. Mapitio makubwa ya mwaka 2017 yaliyojumlisha tafiti nyingi yalikuta kwamba takriban asilimia 30 ya watu wenye MS wana sonona, na takriban asilimia 22 wana wasiwasi uliopitiliza. Hiyo ni zaidi sana ya watu wa kawaida.

Sisemi Cottrell na Wilson walidanganya. Furaha isiyo na sababu ipo kwa baadhi ya wagonjwa, hasa ubongo unapokuwa umeathirika sana. Kuna pia hali ambapo mtu anacheka au kulia bila kutaka na bila kuhisi furaha wala huzuni inayolingana, kwa sababu njia za ubongo zinazodhibiti uso na sauti zimeharibika. Daktari anayetazama kwa nje anaona kicheko. Ndani kuna kitu kingine. Na weka juu yake jambo moja la kibinadamu: mgonjwa mbele ya daktari hujikaza. Barbellion aliwachekesha watu mchana na kuandika usiku. Ungemhesabu mchana tu, ungemweka kwenye wale 60.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Dodoso maarufu la sonona la Beck lina maswali 21, na baadhi yanauliza uchovu, ugumu wa kufanya kazi na wasiwasi wa afya. Mtu mwenye MS amechoka kwa sababu ana MS! Mwaka 1997 David Mohr na wenzake walionyesha kwamba vipengele hivyo vitatu vinapandisha alama za watu wenye MS hata pale ambapo tatizo si sonona. Kwa hiyo tulianza kwa kutoiona huzuni iliyopo, kisha tukahatarisha kuihesabu hata pale isipokuwepo. Katika makosa yote mawili, kilichokosekana ni kumuuliza mtu maana ya anachokihisi na kusubiri jibu refu.

Kasoro za kitabu

Ningekuwa mnafiki nikimwagia kitabu hiki sifa tu. Kwanza, si shajara mbichi. Barbellion aliikata, akaipanga, akaisafisha kwa ajili ya wasomaji. Mwisho wake kuna maelezo yanayosema mwandishi alikufa tarehe 31 Desemba 1917. Si kweli! Alikuwa hai kitabu kilipotoka, akasoma maoni ya wakosoaji kuhusu maiti yake mwenyewe, na akafariki tarehe 22 Oktoba 1919 akiwa na miaka 30. Wapo waliodhani kitabu kizima ni uongo wa Wells. Kwa hiyo ukikitumia kama ushahidi, kumbuka unasoma mtu anayejichora, tena anayejua kuchora.

Pili, mkewe hana sauti. Mwanamke aliyeolewa akijua, akazaa, akauguza, akanyamaza mwaka mzima, tunamwona kwa dirisha la mumewe tu. Kwangu hili ndilo pengo kubwa zaidi. Kama mgonjwa alikuwa na daftari la kumwagia hofu yake, mwuguzi wake alimwagia wapi? Utafiti wa leo unajua kwamba walezi wa watu wenye MS nao huelemewa. Shajara haijui, au haitaki kujua.

Tatu, kuna hatari kwa msomaji mwenye MS leo. Barbellion aliishi kabla ya dawa yoyote ya kuupunguza kasi ugonjwa huu. Ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 1993. Leo zipo kadhaa, na watu wengi wanaishi miongo mingi na MS. Ukimsoma kama utabiri wa maisha yako utajidhulumu. Msome kama jirani wa zamani, si kama kioo.

Sonona si falsafa

Kasoro ya nne si ya kitabu bali yetu sisi tunaokipenda. Ni rahisi kuigeuza huzuni ya Barbellion kuwa hekima: "huyu aliuona ukweli wa maisha." Hapo lazima tusimame. Kwa MS, sonona si jibu la moyo kwa habari mbaya peke yake. Tafiti za picha za ubongo zimeihusisha na makovu na kusinyaa kwa baadhi ya sehemu za ubongo, na watafiti wanaihusisha pia na uvimbe unaoletwa na kinga ya mwili. Yaani sehemu ya giza inaweza kuwa ni ugonjwa uleule unaoshika mguu, umeshika mahali pengine. Kumwambia mtu kama huyo "jipe moyo" ni sawa na kuuambia mguu wenye ganzi ujikaze.

Habari njema ni kwamba inatibika. Mwaka 2005 Mohr na wenzake walichapisha jaribio la watu 127 wenye MS na sonona, waliopewa tiba ya kuzungumza kwa simu kwa wiki 16. Kundi moja lilifundishwa kutambua na kubadili mawazo na tabia zinazolisha sonona. Kundi jingine lilisaidiwa kuzitambua na kuzieleza hisia zao. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Kundi la kwanza lilipata nafuu zaidi mwishoni mwa tiba.

Ona jinsi matokeo haya yanavyonibana mimi mwenyewe ninayetetea malalamiko. Kueleza kunasaidia, lakini kwa mtu aliyezama kwenye sonona, kueleza peke yake kunaweza kuwa hakutoshi. Anahitaji pia ujuzi, na mtu wa kumshika mkono. Barbellion alikuwa na daftari bora kuliko wengi wetu tutakavyowahi kuwa nalo, na bado kuna kurasa unazosoma ukitamani angekuwa na mtu upande wa pili wa simu.

Basi usomeje?

Kitabu hakina tena hakimiliki na kinapatikana bure Project Gutenberg. Usikimeze kwa siku moja, kitakulemea. Soma miaka ya utoto kwanza, umpende yule kijana wa ndege na vyura, ndipo utaelewa ni nini hasa kilichopotea. Kisha soma kuanzia Novemba 1915 polepole, ukihesabu kila ukurasa ni nani anajua nini, na nani anamficha nani.

Kama wewe ni mwanafunzi wa saikolojia au tiba, fanya zoezi moja: chukua dodoso lolote la kukabiliana na dhiki, ulijaze kwa niaba ya Barbellion kwa wiki moja ya shajara. Utakwama. Andika ulipokwamia, kwa sababu hapo ndipo utafiti wako unapoweza kuanza. Ongeza na swali ambalo sijaliona kwenye madodoso mengi: "Nyumbani kwako, ni mambo gani kuhusu ugonjwa huu hayasemwi?"

Na kama una ndugu mwenye MS, au ugonjwa wowote usiopona haraka, akilalamika, usikimbilie kumtafutia methali ya kumtuliza. Kaa. Muulize leo imekuwaje. Ukiona siku nyingi zimepita hana hamu ya chochote, halali au analala kupita kiasi, anasema ni afadhali asingekuwepo, hapo usiishie kusikiliza tu, mpeleke kwa mtaalamu, maana hilo nalo ni sehemu ya ugonjwa na lina tiba. Lakini kulalamika kwa kawaida, kule kwa "nimechoka na mguu huu", mwache alalamike. Huenda ndiyo namna yake ya kukuambia kwamba bado yupo, na kwamba amekuamini vya kutosha asikufiche.